Umepiga Windows mpya? Kabla ya kuuliza antivairasi gani, angalia kwanza kilichoingia nayo

FundiGhorofani

Wakuu habari za majukumu.

Kila baada ya siku chache mtu anauliza "nimepiga window mpya, niweke antivairasi gani?" na majibu ni yale yale, weka Kaspersky, weka Avast, Smadav inatosha, hakuna kama ESET, mabishano mpaka jioni. Mimi kazi yangu ndo hii ya mashine, nipo Kariakoo, na ninachokiona mezani ni tofauti kidogo. Mashine nyingi zinazorudi na malalamiko ya virusi muda mfupi baada ya kupigwa window hazijaambukizwa mtandaoni, zimeambukizwa siku ile ile ya kupigwa window, na aliyeziambukiza ni fundi au mwenye mashine mwenyewe kwa flashi yake, tena mara nyingi kabla hata haijashika intaneti. Antivairasi utakayoweka baada ya hapo inamkuta mgeni ameshakabidhiwa funguo za nyumba.

Zamani hofu ya mtandao ilikuwa ya haki kabisa. Wale wa enzi za XP mnaikumbuka Blaster, kirusi cha Agosti 2003, unachomeka waya wa intaneti, hujabofya chochote, mashine inakwambia itajizima baada ya sekunde 60. Mwaka 2004 wale SANS wa Marekani wanaofuatilia usalama wa mitandao walikadiria kwamba XP isiyo na apdeti ikiachwa wazi mtandaoni inadumu kama dakika 20 tu kabla haijavamiwa, muda ambao hautoshi hata kudownload hizo apdeti zenyewe. Ndo Microsoft mwaka huo huo wakaleta SP2, furushi kubwa la apdeti za XP, fayawoli ikawa inawaka yenyewe. Leo mashine yako iko nyuma ya ruta au hotspoti ya simu, fayawoli inawaka tangu mwanzo, Defender, antivairasi ya Microsoft wenyewe, imo ndani, kwa hiyo njia ile imebanwa sana. Wanaoingia siku hizi wengi wanakaribishwa.

Sasa tuanze na ISO, lile faili la kupigia window. Hiyo window uliipata wapi? Wengi watasema "nilipewa na jamaa", "ipo kwenye flashi ya ofisini", "nilidownload torenti imepunguzwa, nyepesi kabisa". Juni 2023 Dr.Web, kampuni ya antivairasi ya Urusi, walitoa taarifa kuhusu ISO za Windows 10 zilizokuwa zinagawiwa kwenye torenti, ndani kuna trojani ambayo ukikopi anwani ya walleti ya kripto yenyewe inaibadilisha na kuweka ya mwizi. Na walipoificha ndo penye akili, kwenye patisheni ya EFI, ile ndogo ya kuwashia mashine ambayo huioni kwenye My Computer na antivairasi nyingi hazina mazoea ya kuichungulia. Yani mtu umepiga window safi, desktopu inang'aa, Defender iko kijani, na kirusi kimekuja na setapu yenyewe.

Na ISO halali ni bure jamani. Iko kwenye tovuti ya Microsoft, unadownload, hulipii chochote, kinacholipiwa ni leseni sio faili. Ukishaipata fungua cmd andika certutil -hashfile halafu jina la faili halafu SHA256, utapata mstari mrefu wa herufi na namba, linganisha na ule ulioandikwa kwenye ukurasa wa Microsoft pale ulipodownload. Ukifanana endelea, usipofanana futa. Kazi ya dakika chache, na ISO moja iliyohakikiwa utaitumia kwa mashine mia.

Wakati wa kupiga sasa. Mafundi wengi tunaformat C tu tunaacha zingine zilivyo. Kama mashine ilikuwa na virusi au imetoka kwa mtu usiyemjua, futa patisheni zote za diski hiyo mpaka ibaki nafasi tupu moja, halafu mwambie setapu aendelee, atatengeneza zake mwenyewe pamoja na hiyo ya EFI. Ila D inaenda na kila kilichomo, kwa hiyo data ihamishwe kwanza, msije mkanitafuta.

Tuje kwenye kreki, yani programu za kuaktiveti window bila kulipia leseni, hapa najua nitatukanwa. KMSPico, KMSAuto na ndugu zake wote maelekezo yao yanaanza na sentensi moja, "zima antivairasi kwanza". Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa ambacho window yako mpya inafanyiwa ni kuvuliwa ulinzi, halafu inaendeshwa programu ya mtu usiyemjua kwa haki za adimini. Nyingi zinaacha na kazi ya kujirudia kwenye Task Scheduler (ratiba ya window ya kuendesha kazi zenyewe), maana kuaktiveti kwa KMS, ule mfumo wa leseni za makampuni ambao kreki hizi zinauiga, kunadumu siku 180 tu ndo kunahitaji kuhuishwa, na hiyo kazi inaendeshwa kwa mamlaka makubwa kuliko hata yako. Nyingine zinaandika folda zake, wakati mwingine C nzima, kwenye orodha ya vitu ambavyo Defender haruhusiwi kuvikagua. Hapo Defender itaonyesha kijani mpaka mwisho wa dunia.

Kinachonisikitisha ni kwamba wengi hata hawahitaji hiyo kreki. Laptopu nyingi za kampuni kubwa, HP, Dell, Lenovo, zilizotoka kiwandani na Windows 8 kuja juu, zina ufunguo wa leseni umeandikwa ndani ya BIOS, ile programu ndogo ya kwenye bodi ya mashine. Hizi used zinazoshushwa kila siku hapa mjini kibao zinao. Kama ilikuja na Windows 10 au 11, ukipiga toleo lile lile, Home kwa Home, Pro kwa Pro, ukiunganisha intaneti inajiaktiveti yenyewe. Sisi mafundi tunachukua mashine ya Home yenye leseni yake halali, tunapiga Pro au Enterprise, halafu tunaikreki. Fungua PowerShell andika (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey, ukiona ufunguo umetokea basi ulikuwa na mali ukaenda kuiba. Ila ufunguo wa Windows 8 peke yake hauaktiveti tena 10 wala 11, Microsoft walifunga njia hiyo Septemba 2023.

Na hata isipoaktivetiwa, window inafanya kazi. Itakuwekea maandishi kule pembeni chini na kukunyima kubadilisha picha ya ukutani, lakini apdeti za usalama inapata na Defender inafanya kazi.

Halafu kuna lile folda. Kila fundi analo, linaitwa "SOFTWARES" au "SETUP ZOTE", liko kwenye eksteno, limekusanywa miaka na miaka, limeshachomekwa kwenye mashine za mji mzima. Kuna virusi kama Sality, vipo tangu 2003, vyenyewe vinajibandika ndani ya faili za exe ulizonazo, kwa hiyo setapu yako ya VLC inafanya kazi vizuri tu na kirusi nacho kinafanya kazi vizuri tu. Window ni mpya, VLC ni ya 2016 na imebeba abiria. Tupeni hilo folda. Window 11 ina winget, amri ya kushushia programu, unaandika winget install VideoLAN.VLC inaenda kuchukua kwa wenyewe, au tumieni tovuti ya Ninite, unatiki unazotaka zinashuka zenyewe bila takataka. Msitafute Google halafu mkabofya cha juu kabisa, cha juu kabisa mara nyingi ni tangazo, na mwishoni mwa 2022 kuingia 2023 lilipita wimbi kubwa la matangazo ya OBS, VLC, 7-Zip ambayo yalikuwa yanapeleka watu kwenye tovuti feki zenye programu za wizi wa paswedi.

Mambo madogo madogo ya kumalizia: apdeti zote kabla ya kufanya kitu kingine, Tamper Protection (inayozuia programu kuizima Defender) iwe imewaka, onyesha herufi za mwisho za majina ya mafaili ili "picha.jpg.exe" uione ilivyo (kirusi cha ILOVEYOU cha Mei 2000 kilipita hapo hapo, watu waliona TXT kumbe mwishoni kuna vbs), na tengeneza akaunti mbili, moja ya adimini yenye paswedi, nyingine ya kawaida ya kutumia kila siku. Hii ya akaunti mbili watu wanaidharau lakini ndo inayokupa nafasi ya kujiuliza pale kitu kinapotaka kujiinstall.

Uzi uko wazi, karibuni.

mtaalam_wa_kreki

Mkuu umeandika vizuri ila hapo kwenye KMS umetia chumvi. Natumia tangu Windows 7 mpaka leo sijawahi ona kirusi. Defender anapiga kelele kwa sababu ni kreki sio kwa sababu ni kirusi, Microsoft wanalinda biashara yao. Mtu wa kipato cha chini leseni ya Pro ataitoa wapi??

FundiGhorofani

Nusu uko sahihi mkuu. Defender anaiita HackTool, yani zana ya udukuzi, na kuna ambazo kweli zinaaktiveti tu basi. Tatizo wewe unayeidownload huna namna ya kujua ya kwako ni ipi. Desemba 2021 kampuni ya usalama ya Red Canary walionyesha instola za KMSPico ambazo zilikuwa zinaaktiveti vizuri kabisa na huku chini zinaweka Cryptbot, ambayo inabeba paswedi za brauza na walleti. Mtumiaji anaona window imeaktiveti, anafurahi, anamsifia fundi. Na hiyo "sijawahi ona kirusi" ndo shida yenyewe, hizi za siku hizi hazitaki uzione, sio kama zile za zamani za kufungua CD romu yenyewe.

Kipato cha chini nimeshajibu, angalia BIOS kwanza, ukikosa tumia bila kuaktiveti.

mtaalam_wa_kreki

Hayo maandishi ya pembeni mteja atakubali? Atasema fundi hujui kazi

FundiGhorofani

Hapo sina ubishi, wateja wako hivyo na wengine wanahamia kwa fundi wa jirani. Mimi namwambia mteja bei mbili, anachagua.

wa_luthuli

Niaje wadau. Huku Nairobi ni maneno yale yale, unanunua ex-UK safi, jamaa wa duka anakuambia "nimekuwekea kila kitu", ukiangalia ni Office ya kreki, IDM ya kreki, antivirus ya kreki (hii ya mwisho huwa inanichekesha sana). Lakini boss hebu guzia hii kitu ya captcha. Cousin yangu mashine ilikuwa mpya kabisa, window ya original, akaingia site ya kuangalia mpira, ikamwambia athibitishe yeye si roboti, akafuata maelekezo, kesho yake email na Facebook zote zimeenda. Defender ilikuwa on.

FundiGhorofani

Hiyo wanaiita ClickFix. Ukurasa unakwambia bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, halafu Ctrl na V, halafu Enter. Hujui kwamba wakati unabofya "mimi sio roboti" tovuti imeshakopi amri kwenye klipubodi yako, na hizo hatua tatu maana yake unaipesti na kuiendesha kwa mkono wako mwenyewe. Hakuna mlango uliovunjwa, ndo maana Defender wakati mwingine inachelewa. Captcha ya kweli haiwezi hata siku moja kukuomba ufungue Run, hilo dirisha la amri linalofunguka kwa Windows na R.

Nyingi zinazobebwa hivyo ni za kuiba, Lumma ndo ilivuma sana, Microsoft na vyombo vya sheria waliishambulia Mei 2025, na Microsoft walisema waliona zaidi ya kompyuta 394,000 za Windows zimeambukizwa ndani ya miezi miwili tu. Inachukua paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza na kuki pia. Kuki ndo mbaya zaidi maana mwizi anaingia kwenye akaunti ikiwa tayari imefunguliwa, haulizwi paswedi wala namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu.

Na hapa watu wanakosea sana, wanapiga window upya wanadhani yameisha. Window mpya hairudishi kilichoibiwa. Cousin wako achukue simu au mashine nyingine safi, atoke kwenye vifaa vyote, ile sehemu ya "toka kila mahali" ipo Google na Facebook, abadilishe paswedi akianza na ya email, ndipo apige window.

wa_luthuli

Alibadilisha paswedi akitumia hiyo hiyo laptop. Ngoja nimpigie.

bibi_stationery

Jamani mimi nina duka la stationery, kompyuta imepigwa window juzi tu na kijana mmoja, sasa kila saa pale chini kulia inatokea McAfee inasema una virusi 5 lipia sasa hivi. McAfee sijaweka. Ni kirusi au?

FundiGhorofani

Pole mama. Uwezekano mkubwa sio kirusi, ni arifa za brauza. Kuna tovuti ilikuuliza ikutumie arifa ukabofya ruhusu. Fungua Chrome, ingia mipangilio, faragha na usalama, mipangilio ya tovuti, arifa, utakuta orodha ya tovuti zilizoruhusiwa, toa zote usizozijua, na hapo hapo juu weka tovuti zisikuulize tena. Usibofye hicho kitangazo wala usilipie.

Ila kwa kuwa ni stationery na flashi za watu zinaingia kutwa nzima, hiyo mashine ya kupokea flashi usiitumie kwa benki wala kwa email ya biashara. Ukiweza iwe ni ya kuprinti tu.

bibi_stationery

Zimeondoka kweli, zilikuwa tovuti za muvi. Nashukuru sana baba. Na flashi za wanafunzi mafolda yanageuka shortcut nafanyaje? Wanalia kazi zao zimepotea

pingu_wa_mint

Ngoja nimjibu huyu. Kazi hazijapotea mama zimefichwa. Angalia flashi ni herufi gani, tuseme F, fungua cmd andika attrib -h -r -s /s /d F:\*.* subiri, mafolda yenyewe yatatokea. USIBOFYE zile shortcut, ndo zinazoendesha kirusi. Kopi nyaraka pembeni, format flashi, rudisha.

Sasa nirudi kwenye uzi. FundiGhorofani umetumia nguvu nyingi sana kutetea mgonjwa. Weka Linux Mint, mfumo wa bure badala ya window, mambo yameisha, hakuna kreki, hakuna aktiveta, hakuna shortcut, programu zote zinatoka sehemu moja.

FundiGhorofani

Mint naipenda na nawawekea watu, hasa wenye mashine za zamani. Lakini suala la ISO halikwepeki hata huko. Februari 2016 tovuti ya Mint yenyewe ilivamiwa, walioshusha toleo la 17.3 Cinnamon tarehe 20 kupitia linki iliyobadilishwa walipata yenye mlango wa nyuma ndani. Waliolinganisha hashi (ule mstari mrefu wa herufi na namba) na ya kweli walijinusuru. Kwa hiyo hakiki, iwe window iwe Mint.

pingu_wa_mint

Hiyo kweli ilitokea, ila walisema wenyewe siku ya pili yake. Tuendelee.

mwl_wa_sumbawanga

Wakuu mimi nina i5 ya kizazi cha 4, Windows 11 inaikataa, na nasikia 10 imekufa. Nikipiga 10 upya nitakuwa salama? Pia bando huku ni mtihani, hizo apdeti zote nitazitoa wapi, GB zinaisha kabla hazijamaliza.

FundiGhorofani

Mwalimu, 10 iliacha kupata apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kuna mpango wa nyongeza unaitwa ESU kwa watu binafsi mpaka 13 Oktoba 2026, lazima uwe kwenye toleo la 22H2 na uingie kwa akaunti ya Microsoft, ukiwasha kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti hiyo hulipi, vinginevyo ni dola 30. Linki ya kujiandikisha inatokea kwenye ukurasa wa Windows Update. Defender wamesema wataendelea kuipa taarifa za virusi mpaka Oktoba 2028, lakini usije ukalala, Defender kujua virusi vipya hakuzibi matundu ya window yenyewe. Wapo wanaopiga 11 kwa kuiruka kinga ya TPM (chipu ya usalama ambayo 11 inaidai) kwa programu ya Rufus, inaingia, ila Microsoft hawajafungwa kukupa apdeti. Kwa mashine ya kuandalia mitihani na kuandika ripoti mimi ningeweka Mint, kweli kabisa, pingu asisikie.

Kuhusu bando, kwanza chukua ISO mpya, sio ya mwaka juzi, maana inakuja na apdeti nyingi zimeshaingia. Pili, kama hapo shuleni mna mashine kadhaa usiziache kila moja ishushe yake. Ingia Microsoft Update Catalog, tafuta apdeti kubwa ya mwezi ya toleo lenu, shusha faili moja la msu ukiwa mjini kwenye waifai, weka kwenye flashi, bofya kwenye kila mashine yenye toleo hilo hilo. Defender nayo ina faili lake linaitwa mpam-fe.exe, linashuka kutoka Microsoft, unalibofya linaapdeti orodha ya virusi anavyovijua Defender bila intaneti.

Tena angalia kitu kimoja, mafundi wengi kuokoa bando wanaweka hotspoti kama "metered", yani intaneti ya kubana matumizi. Ukiweka hivyo apdeti nyingi hazishuki zenyewe na hakuna anayekukumbusha kuiondoa. Kirusi cha WannaCry kilipiga Mei 12, 2017 wakati kiraka chake kilishatoka Machi 14, karibu miezi miwili nyuma. Kwa hiyo kama ni lazima iwe metered, pangia siku moja kwa mwezi unaitoa, zinashuka, unairudisha. Microsoft wanatoa apdeti Jumanne ya pili ya kila mwezi.

pingu_wa_mint

Nimesikia

dogo_wa_chuo

Nimesoma uzi wote, nimeenda kuangalia yangu, imepigwa mwezi jana na jamaa wa hapa chuo. Nimeandika slmgr /xpr imeleta tarehe ya kuisha kwa aktivesheni. Nimeingia Windows Security kwenye Exclusions nimekuta C:\ nzima na folda lingine sijui ni la nini. Ile amri ya PowerShell imetoa ufunguo, yani nilikuwa na leseni muda wote. Sasa nianzie wapi?

FundiGhorofani

Tarehe ya kuisha ni KMS hiyo, na C nzima kwenye Exclusions maana yake Defender yako alikuwa anakagua hewa. Usihangaike kuisafisha, hujui kilichopita hapo mwezi mzima. Nyaraka, picha na kazi za chuo ziweke kwenye eksteno, exe hata moja usibebe, wala lile folda la setapu alilokuachia jamaa. Tengeneza flashi ya window kwenye mashine nyingine, sio hiyo. Angalia ulikuja na Home au Pro, stika iliyo chini ya laptopu mara nyingi inasema, futa patisheni zote, piga toleo hilo. Paswedi badilisha leo kwa simu, usisubiri window iishe.

dogo_wa_chuo

Stika inasema Home, jamaa alipiga Pro. Nimeanza na paswedi ya email, eksteno naazima kesho.